Kubeba pikipiki ndogo nyuma ya kabini ya lori: anza na futi kamba

Lori la masafa marefu likisubiri kushusha mzigo siku mbili, pikipiki ndogo ndiyo inayomfikisha dereva dukani au kwa daktari. Wengi huanza kwa kuchagua pikipiki. Ni kosa. Kinachoamua ni nafasi iliyopo kati ya kabini na tela, na nafasi hiyo hupungua sana tela likikata kona.

Hatua ya 1: Pima kona

Pima kutoka katikati ya sahani ya kuungia tela hadi ukuta wa nyuma wa kabini. Kwenye tela, pima kutoka kingipini (pini ya chini ya tela inayoingia kwenye sahani) hadi uso wa mbele, kisha chukua nusu ya upana. Zidisha kila kimoja kwa chenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili. Tela la upana wa sentimita 260, lenye kingipini sentimita 90 kutoka uso wa mbele, hutoa 158. Huko ndiko pembe ya tela hufika likikunja, ukipima kutoka katikati ya sahani. Sahani ikiwa sentimita 270 kutoka kabini, unabaki na 112. Pikipiki ikikingama juu ya chasisi, usukani hula kama 75. Acha 10 upande wa kabini, zinasalia 27. Zikiwa chini ya 20, acha mpango huo, maana barabara mbovu huchezesha kila kitu.

Tela la jokofu lipimwe peke yake, kwani mashine yake imetokeza mbele. Kama sahani yako husogezwa, pima ikiwa mbele kabisa. Anayebadilishiwa matela afuate lile linalobana zaidi.

Hatua ya 2: Uzito na ruhusa

Honda Grom ina kilo 100 na ushee, jukwaa la chuma huongeza makumi kadhaa. Pima uzito wa ekseli matangi ya lori yakiwa yamejaa. Pata ruhusa ya mwenye lori kwa maandishi, na uiulize bima. Usiiweke pikipiki ndani ya tela pamoja na mzigo wa mteja: harufu ya petroli huingia kwenye chakula.

Hatua ya 3: Jukwaa

Lifungwe kwenye chasisi, kamwe si kwenye kabini, kwa sababu kabini ina springi zake na huyumba kivyake. Tumia matundu yaliyopo kwenye ubavu wa chasisi, bolti za daraja la 10.9 na nati zisizolegea. Usitoboe wala kuchomelea kingo za juu na chini za chasisi; huko ndiko mkazo ulipo mkubwa, na ufa huanzia hapo. Mipira ya upepo na waya wa umeme vipite juu, visikwame kwenye usukani. Kama ekzosi imesimama nyuma ya kabini, weka kinga ya joto, na tangi la pikipiki likae upande wa pili.

Hatua ya 4: Kupandisha

Jukwaa likiwa mita 1 juu, ubao wa mita 2.4 hutoa mwinuko wa nyuzi 25 hivi, mkali mno kwa mtu mmoja. Winchi ndogo ni salama zaidi. Usipande ukiiendesha.

Hatua ya 5: Kufunga

Gurudumu la mbele liingie kwenye kabari. Tumia mikanda minne yenye racheti, kila mmoja ukiwa na uwezo wa kazi unaozidi uzito wa pikipiki yote. Soma uwezo wa kazi kwenye lebo, si nguvu ya kukatika, ambayo kwa kawaida ni mara tatu yake. Miwili ya mbele ivute chini na pembeni kwa nyuzi 45, mpaka shokapu zishuke nusu ya mwendo wake. Ukizikandamiza hadi mwisho, sili huvuja mafuta. Ukizilegeza, kila shimo huzibonyeza zaidi, mkanda hulegea na kulabu huchomoka. Miwili ya nyuma huzuia mkia kurukaruka. Ncha za mikanda zifungwe, upepo huzipiga hadi zichanike. Stendi iwe juu. Koki ya petroli, kama ipo, ifungwe.

Hatua ya 6: Jaribu, kisha kagua

Uwanjani, kunja polepole hadi mwisho, kushoto na kulia, mwenzako akiangalia pembe ya tela. Kaza tena mikanda baada ya kilomita 80 za kwanza, halafu kila baada ya saa tatu. Mvua ikinyesha, mnyororo hupigwa na maji machafu ya barabarani. Upake mafuta siku hiyohiyo.