Somo: Kuchora ng'ombe wa maziwa kwa ajili ya mnada wa harambee

Wapendwa, harambee ya kumalizia bweni la wasichana hapa Tukuyu imekaribia, na wengi mmeahidi kutoa picha ya ng'ombe wa maziwa ipigwe mnada. Nawaomba msome hapa kabla hamjagusa rangi. Mnunuzi wenu ni mama aliyekamua alfajiri ndipo akaja mnadani, na macho yake yataanzia kwenye kiwele.

Hatua ya 1: Chagua ng'ombe mmoja, mwenye jina

Nenda bandani kwake. Mabaka ya Friesian hayafanani kwa ng'ombe wawili, kama alama za vidole. Ukimchora yule mwenye baka jeusi begani lililochongoka kama jani la mgomba, majirani watamtambua toka mlangoni, na hapo ndipo bei hupanda. Mimi huenda jioni wakati wa kukamua, kwa kuwa husimama ametulia. Kaa kwenye kigoda, macho yawe usawa wa tumbo lake, uchore kwa penseli.

Hatua ya 2: Umbo

Ukimtazama ubavuni, ng'ombe wa maziwa ana umbo la kabari: mbele mwembamba, nyuma ametanuka. Mgongo umenyooka, mifupa ya nyonga inaonekana. Ukimnenepesha umechora ng'ombe wa nyama. Kuhusu nundu, Friesian halisi hana, ila chotara wetu wengi wana kijinundu. Chora ulichokiona.

Kiwele kipe muda kuliko kitu kingine chochote. Chuchu ni nne, lakini toka ubavuni huenda ukaona mbili au tatu tu. Usizilazimishe zote zionekane. Mbele ya kiwele kuna mshipa wa maziwa, mnene, unaopita chini ya tumbo ukijipinda kama mzizi. Wafugaji huutafuta huo. Mboni ya jicho imelala, si duara. Akiwa na hereni sikioni, iweke.

Hatua ya 3: Rangi

Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia hadibodi na rangi ya mafuta ya dukani. Nasi vinatutosha. Ila nyeupe ya ng'ombe si nyeupe ya ukuta: bandani jioni hushika ukijani wa matete na wekundu wa udongo. Ichanganye.

Hatua ya 4: Kukausha

Kwa ukungu wa huku, rangi ya mafuta hukawia. Mwaka mmoja niligusa pembeni nikaona imekauka, nikaifunga picha kwa gazeti. Nilipoifungua mnadani, herufi za gazeti zilikuwa zimeganda usoni mwa ng'ombe, na ikabidi niirudishe nyumbani. Roho iliniuma sana. Ipe wiki mbili ndani, mbali na moshi wa jikoni.

Hatua ya 5: Kukabidhi

Nyuma andika jina lako, la ng'ombe na mwaka. Kubaliana na kamati bei ya kuanzia, isishuke chini ya gharama ya vifaa. Na waombe isinadiwe mwisho. Mnajua mnada wa baada ya ibada: mkungu wa ndizi, kuku, trei ya mayai, halafu mifuko mitupu.

MASWALI YA WANACHAMA

Makambako: Shikamoo mwalimu. Mwenye ng'ombe akidai sehemu ya fedha?
Jibu: Marahaba. Mwombe ruhusa kabla, mweleze kwamba fedha yote ni ya bweni. Mimi humwachia mchoro wa penseli, na hufurahi.

Mafinga: Wangu ni Jersey. Rangi yake naipataje?
Jibu: Kahawia ya asali, ikolee usoni na miguuni. Pua nyeusi, na duara jeupe kuizunguka. Ukilisahau hilo duara, si Jersey tena.

Iringa mjini: Kuna mahali wamewahi kufanya hivi kwa ukubwa?
Jibu: Ndiyo. Chicago mwaka 1999 walipanga barabarani sanamu za ng'ombe zilizopambwa na wasanii, kisha zikapigwa mnada kwa hisani.

Uyole: Mwalimu, ng'ombe niliyemchora amekufa juzi kwa ndigana. Picha niitoe?
Jibu: Poleni sana. Nenda kwanza kwa mwenyewe umwoneshe, asije akakutana na ule uso mbele za watu bila kutarajia. Akiitaka, mwachie, uchore mwingine. Bado tuna wiki tano.