Kuomba kuzalisha mbegu za kuazimiwa ubora Kasulu: anza kabla ya kupanda

Huku kwetu Kasulu, mkoani Kigoma, jirani akiishiwa maharage ya kupanda huja na bakuli, unampimia, na msimu mwingine naye anakupimia. Hayo ni ya ujirani. Ila siku unapofunga mfuko, ukauwekea bei na kuuita mbegu, umeingia kwenye Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003, na msimamizi wake ni TOSCI, Taasisi ya Kudhibiti Ubora wa Mbegu Tanzania, yenye makao makuu Morogoro. Mlango aliowekewa mkulima mdogo ni daraja la mbegu za kuazimiwa ubora, yaani mbegu ambazo mzalishaji mwenyewe anatamka ubora wake na wakaguzi wanazikagua. Maafisa kilimo wanaliita QDS, kifupi cha Kiingereza cha Quality Declared Seed, ukilitaja hivyo wanakuelewa mara moja.

Mnaweza kuomba kama kikundi au mtu mmoja mmoja. Mimi nashauri kikundi, kwa sababu gharama na kazi mnagawana. Kama hamjasajiliwa, nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii na katiba, muhtasari wa kikao na orodha ya wanachama.

Kisha muoneni afisa ugani wa kata, awafikishe idara ya kilimo ya halmashauri. Huko ndiko anakopatikana mkaguzi wa mbegu aliyeidhinishwa, na ndiko mtakakoelekezwa kujaza fomu ya TOSCI: jina la mzalishaji, zao, aina, ukubwa wa shamba na mahali lilipo. Ombeni na mafunzo ya uzalishaji hapo hapo. Mkiambiwa kuna ada, ombeni namba ya kumbukumbu ya malipo, mlipe, mtunze risiti.

Hapa ndipo wengi tunapokwama. Msimu mmoja kikundi chetu kilivuna kwanza, maharage yamejaa, meupe kwa usafi, ndipo tukamwita mkaguzi. Akauliza: mbegu mlinunua wapi, risiti iko wapi, shamba nililikagua lini? Hatukuwa na jibu, tukauza yote sokoni kama chakula. Shamba la mbegu lazima lijulikane likiwa bado halijapandwa.

Aina nayo lazima iwe imesajiliwa nchini, kama Jesca au Lyamungu 90, na mbegu ya kuanzia iwe ya daraja la juu, kwa mfano ya msingi kutoka kwa Wakala wa Mbegu za Kilimo, ASA, au kituo cha TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo. Risiti na lebo za mifuko hiyo msizitupe. Maharage uliyorithi kwa bibi hayapiti njia hii hata yawe matamu vipi. Inaniuma, maana yamelisha vijiji vyetu miaka mingi. Endelea kuyapanda na kuwapimia majirani.

Mimea ikishatoka, piteni shambani kila mara mkiondoa ya aina ngeni na yenye ugonjwa wa chule. Mkaguzi huja maharage yakiwa na maua, na tena kabla ya kuvuna. Mpigieni mapema, msimsubiri akumbuke. TOSCI nao hukagua sehemu ya mashamba hayo.

Wanaosema ukaguzi ni usumbufu wapasue muhogo wenye ugonjwa wa michirizi kahawia. Shina linaweza kuonekana zima kabisa, lakini ndani ya muhogo kuna madoa makavu ya kahawia, na pingili zake, yaani vipande vya shina vya kupandia, ukimgawia jirani umemgawia ugonjwa. Ndiyo maana pingili nazo zina utaratibu wake wa kukaguliwa.

Baada ya kupura na kuchambua, sampuli hupimwa usafi, unyevu na uotaji. Kabla ya hapo jipimeni wenyewe: hesabu punje 100, zifunge kwenye kitambaa kibichi, kifunue baada ya wiki moja uhesabu zilizoota. Zikiwa chache, tafuta sababu kabla sampuli haijaondoka, mara nyingi ni unyevu au wadudu waliotoboa.

Mkifaulu, mnafungasha na kubandika lebo yenye zao, aina, uzito, msimu na jina la mzalishaji. Mnaruhusiwa kuuza ndani ya wilaya yenu tu, kwa hiyo mteja wa Buhigwe au Kibondo msimpelekee. Na mavuno hayo hayawi mbegu ya kuzalishia QDS nyingine: msimu ujao mnarudi kununua mbegu ya msingi, na fomu inaanza upya.