Kumaliza montaji kwa wakati katika mji wa umeme wa zamu: mwongozo kwa mwanafunzi wa sinema wa Lubumbashi

Mwanafunzi wa sinema anayeishi Katuba au Ruashi anafuata kalenda mbili kwa pamoja: ile ya chuo, inayoonyesha siku ya kukabidhi kila kazi, na ile ya umeme, ambayo haijabandikwa ukutani popote. Mwongozo huu unahusu namna ya kuzioanisha, hasa katika zile wiki ambapo filamu fupi, uchambuzi wa kurasa kumi na zoezi la sauti vyote vinadaiwa ndani ya siku tatu. Nimepita katika wiki za namna hiyo mara nyingi, na tangu nianze kukaa na wadogo zangu katika chumba cha montaji, yaani kazi ya kukata na kupanga picha za filamu, nimeona kwamba wengi wanaochelewa si wavivu hata kidogo. Wanakesha kuliko wote, ila wanaupa usiku kazi ambayo usiku hauiwezi.

Kalenda ya chuo isomwe kutoka nyuma kwenda mbele. Tuseme filamu inakabidhiwa Ijumaa adhuhuri. Alhamisi mchana iwe ya kuijaribu filamu kwenye kompyuta na projekta isiyo yako; Jumatano usiku iwe ya kutoa faili la mwisho, yaani kuigeuza montaji yote kuwa faili moja la kutazama, maana umeme ukikatika usiku huo bado unao ule wa Alhamisi kama akiba; Jumatatu na Jumanne ziwe za sauti na rangi; na Jumapili jioni iwe mwisho wa kubadili mpangilio wa picha, yaani baada ya hapo hakuna tukio linalohamishwa wala kufupishwa, hata kama rafiki mwenye jicho kali amekuletea wazo zuri Jumatatu asubuhi. Siku zinazobaki kati ya leo na Jumapili hiyo ndizo siku zako halisi za montaji, na utashangaa jinsi zilivyo chache.

Ili ujue kama zinatosha, pima mwendo wako mwenyewe. Chukua tukio moja, lihariri mpaka litazamike, kisha ugawanye saa ulizotumia kwa dakika ulizopata. Katika mwaka wangu wa pili nilikuwa nikitumia takriban saa tatu kwa kila dakika moja ya filamu, kabla ya kugusa sauti wala rangi, kwa hiyo filamu ya dakika 7 ilinidai saa 21. Mtaani kwetu umeme ulikuwa ukikaa kwa saa tatu hivi kila usiku. Hiyo ni mikesha saba, ikiwa hakuna usiku hata mmoja wa giza. Hesabu hiyo ndiyo iliyonifundisha kuandika filamu fupi zaidi, kuliko ushauri wowote niliopewa darasani.

Kalenda ya umeme nayo unaweza kuichora mwenyewe. Kwa wiki mbili andika katika daftari saa ambayo umeme unakuja na saa unayokatika katika mtaa wako, kwa sababu delestaji, kama tunavyouita hapa ukataji wa zamu, huwa na mazoea yake hata pale ambapo hakuna ratiba. Haifai kungojea ahadi. Sehemu ya umeme wa upande wetu husafiri kwa njia ya nyaya yenye urefu wa takriban kilomita 1,700, kutoka kwenye mabwawa ya umeme ya Inga mpaka Kolwezi, iliyokamilika mwaka 1982, na migodi nayo inauhitaji umeme huohuo mchana na usiku. Andika pia kwenye ukurasa huo nyumba ya ndugu au ya rafiki iliyo kwenye laini nyingine, kwa kuwa mara nyingi Kamalondo kuna mwanga wakati Katuba kuna giza, na yaya (kaka au dada mkubwa) mwenye meza na soketi moja ya bure ana thamani kubwa wiki ya kukabidhi. Usiende mikono mitupu.

Baada ya hapo, gawa kazi kulingana na chakula chake. Kuna kazi zinazokula umeme mwingi: kunakili picha kutoka kwenye kadi, kutengeneza nakala nyepesi (nakala ndogo za picha, zisizoilemea kompyuta), na kutoa faili la mwisho. Kuna zinazotosheka na betri ya kompyuta, kama kukata na kupanga matukio. Na kuna zisizohitaji chochote zaidi ya karatasi, kalamu na mshumaa, nazo ndizo nyingi kuliko tunavyokubali, na ndizo tunazozifanya vibaya kwa sababu tumezoea kufikiri kwamba mtu anahariri pale tu kioo kinapowaka.

Kazi ya karatasi inastahili kuelezwa kwa kirefu. Mara tu picha zinapokuwa kwenye diski, nakili nakala nyepesi zake kwenye simu na uzitazame zote bila kukata chochote, huku ukiandika kwa kila picha mambo manne: jina la faili, dakika na sekunde ambapo kitu kinaanza kutokea, dakika na sekunde ambapo kinaisha, na neno moja la hisia uliyoipata ulipotazama mara ya kwanza. Neno hilo la mwisho usiliruke. Ukishaitazama picha mara ishirini utakuwa umeipoteza hisia ya kwanza, na hakuna atakayekurudishia isipokuwa mwandiko wako. Kisha kata karatasi vipande vidogo, kila picha na kipande chake, uvipange mezani kama mtu anayepanga karata, uvihamishe, uvitoe, mpaka filamu isomeke kutoka kushoto kwenda kulia. Mimi hufanya hivyo gizani wakati wa delestaji, na nikipata umeme naketi nikiwa najua tayari picha ya kwanza ni ipi na ya pili ni ipi. Siku moja tukio la dakika 2 lililokuwa limenitesa mikesha miwili lilikubali kupangika mezani kabla ya chakula cha jioni, kwa sababu karatasi ilinionyesha kwamba nilikuwa na picha nne zinazosema jambo lilelile. (Mojawapo ilikuwa ya lile bomba refu la moshi la kiwanda. Kila darasa la sinema la mji huu lina filamu inayofunguliwa na bomba hilo. Kama unaweza kuanza na kitu kingine, anza nacho.)

Sasa nakala nyepesi. Kamera inayorekodi kwa megabiti 50 kwa sekunde inajaza takriban megabaiti 375 kila dakika, kwa kuwa baiti moja ni biti nane; saa moja ya picha kwa hiyo inafika gigabaiti 22 na nusu. Kompyuta ya kawaida ya mwanafunzi hukwama ikisoma mafaili kama hayo, na ikikwama inanguruma, na ikinguruma inamaliza betri. Programu za bure kama Kdenlive na DaVinci Resolve zinaweza kukutengenezea nakala ndogo za kila picha, ukahariri kwa kutumia hizo, kisha programu ikarudi kwenye picha za asili wakati wa kutoa filamu. Kuzitengeneza kunachukua muda na umeme, lakini hakukuhitaji wewe: ziwashe mara umeme unapokuja, uondoke ukaandike uchambuzi wako. Kabla ya kutoa faili la mwisho hakikisha katika mipangilio kwamba programu inatumia picha za asili, la sivyo utakabidhi filamu yenye ukungu na utalaumu projekta.

Waliorekodi kwa simu wana hatua moja ya ziada. Simu nyingi hazishiki idadi moja ya fremu, yaani picha tuli zinazounda mwendo, kwa sekunde, bali huipandisha na kuishusha kadiri mwanga unavyobadilika, na matokeo yake ni sauti inayoanza sawa na midomo kisha inachelewa kidogo kidogo hadi mzungumzaji anaonekana ametafsiriwa. Badili mafaili hayo kwanza yawe na fremu 25 thabiti, kwa programu ya bure kama HandBrake, kabla ya kukata hata picha moja. Ukigundua tatizo hili usiku wa mwisho, usiku huo umekwisha.

Kuhusu usiku wenyewe, kanuni ninayoifuata ni hii: maamuzi mchana, mikono usiku. Kuchagua tukio lipi litolewe, kuamua filamu iishie wapi, kuandika hoja kuu ya uchambuzi, hayo yafanywe na mtu aliyelala. Usiku upewe kusafisha sauti, kulinganisha rangi kutoka picha hadi picha, kupanga majina ya mafaili, kuandika majina ya washiriki. Kila uamuzi mkubwa unaokujia baada ya saa sita usiku uandike kwenye karatasi na usiutekeleze. Asubuhi, baada ya chai, utausoma na mara nyingi utaona aibu. Sauti hasa inafaa usiku kwa kuwa mtaa umetulia na unasikia kila mlio uliojificha chini ya maneno, ila uulize kwanza kama kanisa la jirani lina mkesha wa maombi, maana nimewahi kutumia saa nzima nikitafuta kwenye filamu kwaya iliyokuwa ikiimba nje ya dirisha.

Usingizi usiufanye kuwa kitu cha kukopa bila mpango. Nikiwa na usiku wa umeme nalala mapema jioni, naamka unapokuja, nafanya kazi saa tatu, nalala tena. Si usingizi mzuri, lakini unatosha kwa wiki moja, na hautoshi kwa wiki mbili. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya huku, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200, inaingia mpaka kwenye vidole, na mwenye baridi anasinzia huku akidhani anafikiri. Walter Murch, mhariri wa Marekani, anajulikana kwa kuhariri akiwa amesimama. Kreti mbili za bia zilizopangwa juu ya meza zinakupa dawati kama lake, na ni vigumu mtu kusinzia akiwa amesimama.

Weka programu ijihifadhi yenyewe kila dakika chache, na kila usiku anza toleo jipya lenye namba: filamu_07, filamu_08. Majina kama "mwisho", "mwisho_kabisa" na "mwisho_kweli" yamewapoteza wengi. Nakala ziwe tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae nje ya nyumba yako, kwa sababu mwizi hubeba kompyuta pamoja na diski iliyo kando yake. Msimu wa mvua ukisikia radi chomoa kila kitu ukutani, na umeme ukikatika chomoa pia, usubiri dakika chache baada ya kurudi kwake, kwani ule mshtuko wa kurudi ndio unaoua vifaa.

Kutoa faili la mwisho ndiko kunakoumiza wengi, kwa kuwa umeme ukikatika katikati mashine haiendelei ilipoishia, inaanza upya. Dawa ni kuitoa filamu kwa vipande: tukio la kwanza peke yake, la pili peke yake, kila moja kwa mipangilio ileile, kisha kuviunganisha mwishoni. Umeme ukikatika utapoteza kipande kimoja tu. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nimefanya haya yote kwa uangalifu, nikapata filamu ya dakika 7 kwa kodeki (namna ya kubana picha na sauti) nzito ya megabiti 120 kwa sekunde, yaani faili la gigabaiti 6 na ushei, nikajaribu kuliweka kwenye flashi yenye nafasi ya gigabaiti 32. Likakataa. Nikafuta vitu, nikajaribu tena, likakataa tena, na saa ya kukabidhi ikapita nikiwa nimesimama mlangoni. Flashi ilikuwa imepangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalozidi gigabaiti 4 hata kama nafasi ipo tele. Ipange flashi yako kwa exFAT wiki moja kabla, na uandae pia toleo jepesi: kwa megabiti 10 kwa sekunde, dakika 7 zinakuwa takriban megabaiti 525 tu, na kwenye projekta ya darasani ni wachache watakaoona tofauti.

Kazi za maandishi zitoshee katika mianya ya kazi hizi. Wakati mashine inatengeneza nakala au inatoa vipande, wewe andika; na ikiwezekana chagua kuchambua filamu yenye tatizo linalofanana na lako, kwa mfano namna ya kuruka muda ndani ya tukio, ili uchambuzi na montaji vilishane. Ukiona kwa hesabu zako kwamba kazi mbili haziwezi kukamilika kwa wakati, mwendee asistanti, yaani msaidizi wa mwalimu, siku tano kabla ukiwa na daftari lako la umeme na toleo la filamu ulilofikia. Atakusikiliza kwa namna tofauti kabisa na vile atakavyokusikiliza Ijumaa adhuhuri.

Siku ya kukabidhi beba flashi mbili, uitazame filamu yote kwenye kompyuta ya chuo, kutoka sekunde ya kwanza hadi jina la mwisho, ukisikiliza kwa spika zao. Picha za asili zihifadhi mpaka alama zitakapobandikwa, kwa sababu huenda ukaombwa kurekebisha. Zikishabandikwa, futa nakala nyepesi zote, uhifadhi mradi pamoja na picha ulizotumia tu, na diski itakuwa na nafasi ya zoezi linalofuata.