Risasi za mtumba wa jeshi: boksi zuri na la kuachana nalo utalijuaje

Kabla ya yote, hii ni ya wenye leseni. Bila cheti cha Bodi ya Leseni za Silaha hata risasi moja mfukoni ni kesi, na ukiwa nacho kinataja aina na idadi unayoruhusiwa kuweka. Na zile za kuokota shambani sahau kabisa, Malindi hii ilidondoshewa mabomu na ndege za Italia 1940, ukikuta chuma cha zamani ardhini usiguse, ita polisi.

Haya, tuje kwenye boksi. Watu wakiliona tu wanakimbilia kusoma mwaka, lakini kwa sisi wa pwani mi naona swali la kwanza ni zimelala wapi. Baruti inauliwa na joto kuliko inavyouliwa na miaka. Risasi za 1950 zilizokaa ghala kavu ndani ya kasha lililozibwa zaweza kualika zote bila shida, na za juzijuzi zilizolala chini ya mabati kaskazi nzima zikakuaibisha mbele ya watu. Kwa hivyo muulize muuzaji kasha lilifunguliwa lini na likawekwa wapi, na angalia mpira wa mfuniko, kama umekatika basi hewa ya chumvi ishaingia siku nyingi.

Sasa toa risasi kadhaa, na usitoe za juu pekee manake za juu ndo huwa safi, chimbua mpaka chini kabisa. Ganda likififia rangi si neno, shaba huzeeka. Kutu ya kijani ikiwa juujuu na inatoka kwa kitambaa, hiyo pia utavumilia. Lakini ikishakula ganda likawa na vishimo, au imejaa pale kichwa kinapoingia kwenye shingo, au imezunguka fataki, kile kidude cha katikati ya kitako kinachowasha baruti, weka pembeni. Halafu shika moja uzungushe polepole kwenye mwanga uangalie shingo, ukiona mstari mwembamba unaokwenda kwa urefu huo ni ufa, na ukikuta kwenye risasi mbili tatu za loti moja, yaani zilizotengenezwa pamoja, mi sinunui hata kwa bure. Kichwa kikicheza ukikisukuma kwa kidole, au kimezama kuliko wenzake, hapana vilevile. Na usijaribu kuzing'arisha na dawa ya shaba, zile zenye amonia zinalidhoofisha ganda.

Maandishi ya kitako sasa. Utaona alama ya kiwanda na mara nyingi mwaka, na duara lenye msalaba ndani ni kwamba imetengenezwa kwa kipimo cha NATO, muungano wa majeshi ya nchi za Magharibi, ambayo haimaanishi inalenga vizuri bwana, inamaanisha itafanya kazi kwenye bunduki zao. Kwa wenye Lee-Enfield ya .303, ile bunduki ya zamani ya jeshi la Waingereza, VII peke yake ni baruti ya kordaiti, nyuzi ndefu kama tambi kavu, na VIIZ ni baruti ya nitroselulosi. VIIIZ iliundwa kwa ajili ya mashinigani, mtutu uliolika na kordaiti hauelewani nayo. Ukipata zenye alama ya HXP, za kiwanda cha Ugiriki, za miaka ya 70 na 80 chukua, zina sifa nzuri na fataki yake haili mtutu. GP11 ya Uswisi, ambayo si ya .303 bali ya bunduki za Uswisi wenyewe, ndo nadra kabisa, risasi ya jeshi inayolenga kama ya mashindano.

Hapo kwa fataki ndo pwani panatuumiza. Fataki nyingi za zamani zinaacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi hiyo inavuta unyevu, sasa na hewa yetu hii ukipiga asubuhi ukaacha mpaka kesho utakuta kutu. Mafuta hayaiyeyushi, maji ndo yanaiyeyusha. Mimina maji ya moto kwenye mtutu siku ileile, usisahau na bolti, kile chuma kinachofunga risasi ndani, kausha sana, kisha ndo usafishe na kutia mafuta kama kawaida. Kama huna uhakika fataki ni ya aina gani, chukulia ni ya chumvi, maji hayana gharama.

Pita na sumaku kwenye kichwa pia. Ikishika kuna chuma, ama ganda la nje tu ama kiini, na rinji nyingi, viwanja vya kulengea shabaha, hazitaki kwa sababu inaharibu mabamba na inatoa cheche. Ncha iliyopakwa rangi yoyote usipige mpaka ujue maana yake, nyekundu au ya machungwa mara nyingi ni ya kuwaka njiani na nyasi kavu hazina subira.

Ukifika rinji anza na chache. Ukivuta na ikakaa kimya usifungue bolti, mtutu ubaki kwenye shabaha angalau sekunde 30, nyengine zinachelewa ndo zinaalika. Ikitokea mara mbili boksi hilo limekwisha. Zikipiga sawa, piga kumi kwa karatasi ya mita 100. Zikiingia ndani ya sentimita 10 hiyo ni risasi ya jeshi ya heshima, usitake zaidi. Zikijipanga juu chini badala ya kukusanyika, huenda ni mwendo unaotofautiana, yaani baruti, na hapo hamna saiti itakayokusaidia. Zikipita, nunua za loti ileile kadiri cheti kinavyoruhusu, manake loti nyengine ni kurekebisha saiti upya.