Kufunga ngao ya mbele kwa gari za njia za shamba: somo kwa madereva wa Tanga

Habarini wadau. Wengi mmeniuliza kuhusu ngao za mbele, hizi bulbaa, yaani vyuma vinavyofungwa mbele ya gari, hasa nyie mnaopita Mkata na Handeni usiku kwenye ng'ombe, na wa njia ya Pangani kwenda Saadani ambako ngiri na nyati wanakatiza tu. Nawajibu kama fundi ninayezifunga.

Kwanza tuelewane, ngao kazi yake ni kulinda rejeta, feni na taa ili ukigonga mnyama gari liweze kutembea mpaka ufike kwenye watu. Haikupi ruhusa ya kukanyaga mafuta. Na hili naomba mlisikie vizuri, chuma hakibonyei, kwenye gari lililoinuka kinakuja usawa wa kiuno cha mtu mzima na kichwa cha mtoto, kwahiyo mtu ambaye angevunjika mguu anakufa. Ndo maana India mwisho wa 2017 serikali iliagiza majimbo yachukue hatua kali dhidi yake, na Ulaya tangu 2005 walitunga sheria ngao ipimwe kwanza kwa usalama wa mtembea kwa miguu. Australia kwenye kangaruu wengi hawakuzikataza ila wakaziwekea masharti, na mengi ninayosema hapa yanaendana na yao.

Hatua ya 1: angalia gari lenyewe. Land Cruiser au Hilux ina chesisi, yaani fremu ya chuma chini ya bodi, inabeba. Gari ambayo bodi ndo kila kitu, mfano RAV4, usiibebeshe chuma kizito, hakuna pa kushika.

Hatua ya 2: eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga. Ukiona herufi SRS kwenye usukani, ujue gari lina eabegi, usipeleke gari kwa fundi wa kuchomelea akutungie ngao kwa macho. Ngao inabadilisha mshindo unavyofika kwenye sensa, eabegi ikachelewa au ikafumuka kwa kigongo kidogo. Nunua iliyotengenezwa kwa modeli yako na mtengenezaji awe ameandika kwamba inakubaliana na eabegi.

Hatua ya 3: umbo. Ifuate sura ya gari, isichomoze mbele kama pembe, kona zote ziwe za mviringo, hakuna bolti inayotokeza wala ncha ya bati. Wale mnaotaka vishikio vya mishipi ya kuvulia samaki hapo mbele, hapana, vinachoma mtu.

Hatua ya 4: kufunga. Tumia matundu yaliyopo kwenye chesisi, bolti ziwe zimeandikwa 8.8 kichwani (daraja la nguvu ya bolti), weka washa, vile visahani vya bati, pande zote na nati za kujikaza. Usichomelee chesisi. Kama kuna bracketi ya kuchomelea, itoe uichomelee nje ya gari, na ikishindikana kabisa kuitoa basi toa waya za betri kwanza maana umeme wa welding unaua kontrolboksi (kompyuta ya gari) na altaneta. Acha nafasi kati ya ngao na bodi, bodi inacheza. Ukikaza, tembea siku chache njia mbovu halafu rudi ukaze tena, watu wanaruka hii.

Hatua ya 5: uzito. Ya chuma inaweza kufika kilo 40 mpaka 70, pua inashuka, springi na shokapu zinachoka, taa zinamulika chini. Pangilia taa upya na ufanye alaimenti ya matairi.

Hatua ya 6: indiketa, taa na pleti namba visifichwe, rejeta ipate upepo. Ukijaza spotlaiti mbele ya rejeta utaona joto ukipanda Mombo kwenda Lushoto. Halafu kaa kwenye siti, mtu wa kimo cha mtoto asimame mbele, kama ngao inamfunika, iteremshwe.

Sisi wa pwani tuna chumvi, kila tundu ulilotoboa lipake rangi ya kuzuia kutu kwanza, na mabomba yawe na vitundu vya kutoa maji chini.

MASWALI

Dereva wa Muheza: Shikamoo fundi, alumini au chuma?
Marahaba. Alumini ni nyepesi na haili kutu haraka, ila ikipinda sana ni ngumu kutengeneza. Kwa gari linaloingia mjini kila siku ningechukua alumini.

Dada wa Pangani: Nimegonga ng'ombe, ngao imepinda upande, fundi anasema ataipasha moto ainyooshe.
Pole sana dada. Usikubali, chuma kikipashwa kinapoteza nguvu. Muhimu zaidi akague pale ilipofungiwa, chesisi kama imesogea na bolti kama zimenyooka zote. Bolti zibadilishwe hata zikionekana nzima.

Mdau wa Korogwe: Bima watanisumbua?
Waambie kabla, kwa maandishi, uambatanishe picha na risiti. Ukisubiri ajali ndo useme, umewapa sababu ya kukataa kulipa.