Stromboli: kuuona moto bila kufika kileleni

Wengi huenda Stromboli, kisiwa cha volkano nchini Italia, wakidhani watachungulia mdomo wa volkano. Lifute wazo hilo mapema. Baada ya milipuko mikubwa ya Julai na Agosti 2019, kilele cha mita 924 kilifungwa kwa wageni. Kikomo cha kawaida ni mita 290 ukienda mwenyewe na 400 ukiwa na mwongozaji, na mlima ukichachamaa hushushwa zaidi. Uliza siku ileile unayopanda. Tangazo la wiki iliyopita halikusaidii.

Boti za kasi kutoka Milazzo, Sicily, hupitia visiwa vingine njiani, kwa hiyo tenga karibu saa tatu. Napoli nako kuna meli ya usiku. Stesheni ya treni ya Milazzo iko kilomita kadhaa kutoka bandarini, basi usikate tiketi ya boti inayoondoka dakika 20 baada ya treni kuingia. Bahari ikichafuka safari hufutwa, hata kama jua linawaka. Acha siku moja tupu kabla ya ndege ya kurudi nyumbani.

Kabla ya kushuka, sikiliza jina la gati. Ginostra ni kijiji cha upande wa pili wa kisiwa hichohicho, na hakuna barabara ya kukutoa huko hadi kijiji kikuu. Ukishuka kwa makosa, utangoja boti nyingine.

Mchana utaona moshi tu. Moto ni wa usiku. Jua likikaribia kuzama, fuata njia ya kupitia mtaa wa Piscità hadi rasi ya Punta Labronzo, upande wa kaskazini. Hapo kaa, usiwe na haraka. Mlima hutema kila baada ya dakika 10 hadi 20 hivi, ingawa haufuati saa ya mtu. Kwanza wekundu hutanda chini ya wingu, kisha cheche huruka kama za mvukuto wa mhunzi, na mngurumo hukufikia baadaye kidogo. Ukitulia utasikia mawe yakibingirika kwenye mteremko wa Sciara del Fuoco hadi baharini. Wingu likifunika kilele hutaona kitu. Ndiyo maana usiku mmoja hautoshi.

Beba tochi ya kichwani, kwani vichochoro vya kijiji havina taa. Vaa viatu vinavyofunika kifundo, maana changarawe za volkano huingia kwenye raba fupi na kukuchubua. Maji, lita mbili kwa mtu. Anayetumia lenzi za macho avae miwani: majivu chini ya lenzi ni mateso.

King'ora cha tsunami kikilia, acha mizigo ufukweni, kimbilia juu mara moja. Mwishoni mwa Desemba 2002 ubavu wa mlima ulimomonyoka baharini, na mawimbi yalifika kijijini ndani ya dakika chache. Mawe au majivu yakianza kunyesha, ingia ndani ya nyumba na ukae mbali na madirisha.