Kutunga tarbia ya vilima vya Kigezi

Tarbia ni shairi la mishororo minne kila ubeti, na Kigezi ni nchi ya vilima kusini magharibi mwa Uganda. Nenda shambani alfajiri, mwezi Machi, mvua zinapoanza. Andika vitu ishirini unavyoviona, na kila kimoja kitenzi chake: ukungu wafanya nini, jembe lafanya nini? Sifa ziache. "Inayopendeza" peke yake inakula mizani (silabi) sita kati ya nane za ukwapi, kipande cha kwanza cha mshororo, na msomaji bado hajaona kitu. Hapo ndipo mashairi mengi ya mandhari yanapofia.

Kisha teua kitu kimoja kibebe shairi zima. Mshairi wa Uganda Okot p'Bitek, mzaliwa wa Gulu (1931), katika utungo wake mkuu wa mwaka 1966 aliegemea methali ya Kiacholi inayokataza kung'oa boga la kiambo cha zamani. Mmea wa nyumbani tu, ukabeba ugomvi wote wa mila na usasa! Kigezi, kitu hicho ni matuta yaliyochongwa ubavuni mwa vilima, yanayozuia udongo usisombwe.

Pima vina kabla ya kuanza. -ka ina vitenzi tele. -Nde ni finyu, kwa hiyo orodhesha maneno yake mapema, la sivyo ubeti wa tatu utakukwamisha.

Ukungu wafunga bonde, kilima hakijazuka,
Jembe lalivunja konde, matuta yanainuka,
Mvua yaja punde punde, udongo usije toka,
Kigezi, ngazi tupande, kileleni tutafika.

Hesabu kwa vidole: nane ukwapi, nane utao (kipande cha pili). Ukiandika "Ukungu umefunga bonde" unapata tisa. "Wafunga" inaokoa moja bila kupoteza maana. Wanaoanza huteleza hasa kwenye m: "mlima" ni mizani tatu, kwani m yake inasimama peke yake, lakini "mbuzi" ni mbili, na "mvua" pia mbili. Majina ya kwetu yanasaidia sana: Kigezi, Kabale, Kisoro, Bunyonyi, yote mizani tatu, yakiacha tano za kusema jambo.

Mshororo wa nne utunge kwanza ikiwa utakuwa kibwagizo. Ukishatulia, mitatu ya juu inaweza kubadili vina ubeti hadi ubeti. Mwishowe ghani kwa sauti. Pumzi ikikatika katikati ya neno, kipande hicho kimezidi, rudi ukihesabu upya.